Kiwavi wa Hariri Mezani kwa Dada Yangu

Mpwa wangu ni baharia, na kama walivyo mabaharia wengi wa Tanga, harudi nyumbani mikono mitupu. Safari hii alipokuja Chumbageni kumjulia hali mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alileta manukato ya mkewe, redio ndogo, na makopo matatu yenye maandishi ya Kikorea ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyeweza kuyasoma. Aliyapanga mezani baina ya birika la chai na sahani ya mihogo, akasema kwa uhakika wa mtu aliyeambiwa jambo na wenyeji wa bandari ya Busan: "Mama, hii ni dawa ya sukari. Wenzetu kule wanaitumia." Dada yangu, ambaye ana kisukari mwaka wa kumi na moja sasa, alilichukua kopo moja, akalitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi sokoni, kisha akanigeukia mimi kwa kuwa nilifundisha baiolojia sekondari hadi nilipostaafu. "Mdogo wangu, humu mna nini?"

Humu mlikuwa na pupa wa nondo wa hariri, yaani mdudu aliye katika hatua ya kati, si kiwavi tena wala si nondo bado, waliochemshwa na kuhifadhiwa katika mchuzi wa chumvi wenye utamu kidogo. Wakorea hukiita chakula hicho beondegi, na kando ya barabara zao huuzwa kikiwa cha moto katika vikombe vya karatasi, kama sisi tunavyouziana karanga za kuchemsha. Nililifungua kopo mwenyewe. Pupa walikuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, wenye pingili zilizobanana, kila mmoja akiwa mkubwa kidogo kuliko punje ya karanga, na harufu yao ilikuwa mahali fulani kati ya karanga hizo za kuchemsha na ubao uliolowa mvua. Nilimtafuna mmoja. Ngozi ilipasuka kama ganda la njegere, na ndani mlikuwa na kitu laini mfano wa kiini cha yai lililoiva sana, chenye mafuta na ladha ya udongo kwa mbali. Sikukichukia. Nilichukua wa pili ili mpwa wangu asidhani kwamba ninamdharau.

Kosa langu lilikuwa hapo. Tangu ujana wangu mimi na kamba hatupatani: nikila wawili watatu midomo huwasha, na nikiendelea kope huvimba. Robo saa haikupita baada ya wale pupa wawili, nikaanza kuhisi mdomo wa chini ukiwasha kwa namna ile ile ninayoijua. Nilimeza kidonge cha mzio ambacho huwa ninatembea nacho, nikakaa barazani saa mbili huku dada yangu akinitazama usoni kila mara kama anayechungulia sufuria ya maziwa, na mambo yakaishia kwenye muwasho. Yeye mwenyewe hakuonja. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba angengoja kwanza ajue kama kitu hicho ni halali, na sasa alikuwa na sababu ya pili ya kungoja. Kwa wiki kadhaa zilizofuata nilisoma kila nilichoweza kukisoma juu ya mdudu huyu, kwa kuwa nilitaka kujua mambo mawili: kwa nini aliniwasha, na kama kuna ukweli wowote katika maneno ya watu wa Busan. Majibu yote mawili yalinifundisha zaidi ya nilivyotarajia.

Nondo wa hariri, ambaye wanasayansi humwita Bombyx mori, amefugwa na binadamu tangu China ya kale, kwa muda unaokadiriwa kuwa miaka 5,000, hata amepoteza uwezo wa kuishi peke yake: nondo mzima ana mabawa lakini haruki. Kiwavi hutoka kwenye yai akiwa mwembamba kama unywele, hula majani ya mforosadi karibu mwezi mzima, hujivua ngozi mara nne, na anapomaliza kukua uzito wake huwa umeongezeka takriban mara 10,000. Hapo huacha kula na kujizungushia uzi mmoja usiokatika, wenye urefu wa mamia ya mita na mara nyingine zaidi ya kilomita, mpaka anajifungia ndani ya kifukofuko na kugeuka pupa. Akiachwa atoke, atakitoboa kifukofuko na kuuharibu uzi; kwa hiyo mfugaji humwua mapema kwa mvuke au kwa hewa ya moto, kisha vifukofuko hutiwa katika maji ya moto ili gundi ilainike na uzi uvutwe. Uzi huenda kwenye gurudumu, na pupa hubaki kwenye sufuria.

Mtu wa Tanga haoni ugumu wa kuelewa biashara ya namna hii. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoileta miche ya mkonge mwaka 1893, tumeishi na zao ambalo sehemu ndogo tu ya jani lake huwa uzi, na kubwa iliyobaki ni majimaji yaliyokuwa yakitupwa hovyo, mpaka kule Hale walipoanza kuyageuza gesi ya kuzalishia umeme. Kifukofuko kibichi nacho ni hivyo hivyo: takriban asilimia 80 ya uzito wake ni pupa, na kwa kila kilo moja ya hariri inayovutwa hubaki kama kilo 8 za pupa wabichi, ambao wakikaushwa huwa kama kilo 2. Wakulima wa China, Korea, Japani, Thailand, Vietnam na Assam hawakuanza kumla pupa kwa sababu ya utafiti wa maabara. Walianza kwa sababu alikuwa pale, amekwisha kuiva, na mtoto alikuwa na njaa. Na Korea hasa, baada ya vita vya 1950 hadi 1953, alikuwa kitoweo cha mtu asiyeweza kununua nyama. Jirani zetu wa Madagaska wanaoishi nyanda za juu hula pupa wa nondo wao wa mwitu waitwaye landibe, na hariri ya nondo hao hao ndiyo wanayoifumia sanda za wakubwa wao. Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Nilipokuwa nikifundisha kulikuwa na mwalimu mwenzangu kutoka Bukoba ambaye kila mwisho wa mwaka alipokea pakiti ya senene kutoka kwao, na hakuna aliyekuwa akialikwa chumbani kwake bila kuiulizia.

Sasa, pupa ana nini? Akikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake huhesabiwa kuwa protini, na protini hiyo ina asidi zote za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Robo moja au zaidi ni mafuta, na karibu theluthi ya mafuta hayo ni asidi ya alfa-linoleniki, ambayo ni omega-3 ya aina ile inayopatikana katika mbegu za kitani. Hizi ni sifa za kweli na si ndogo. Hata hivyo nina masahihisho mawili, kwa kuwa nimeona namba hizi zikitumiwa kama tarumbeta. La kwanza ni kwamba protini ya chakula kwa kawaida haipimwi yenyewe. Hupimwa naitrojeni, kisha huzidishwa kwa 6.25. Ngozi ya mdudu imejengwa kwa kaitini, kitu kigumu chenye naitrojeni lakini kisicho protini, kwa hiyo hesabu hiyo humpa mdudu sifa zaidi ya alizonazo. Kwa baadhi ya wadudu watafiti wamependekeza kuzidisha kwa 4.76 badala yake. La pili linahusu mafuta. Omega-3 ya pupa ni ya aina ambayo mwili wetu lazima uibadilishe kabla ya kupata zile zinazotumika kwenye ubongo na mishipa, na uwezo wetu wa kuibadilisha ni mdogo. Dagaa na vibua wanaotua pale soko la Deep Sea kila asubuhi wanazo tayari zimeshabadilishwa, na dagaa mkavu kwa protini hayuko nyuma ya pupa. Kwa mtu anayeishi mbali na bahari, au mahali ambapo nyama imekuwa ya sikukuu, pupa ni neema. Kwa dada yangu, anayenunua samaki kwa kutuma mtoto na baiskeli, pupa ni chakula kizuri miongoni mwa vyakula vizuri alivyo navyo.

Lakini mpwa wangu hakuleta makopo kwa ajili ya protini. Aliyaleta kwa ajili ya sukari, na hapa ndipo hadithi inaponoga, kwa kuwa watu wa Busan hawakusema uongo. Walichofanya, au alichofanya yeye aliyewasikiliza, ni kuchanganya ukweli wa mdudu wa umri mmoja na mdudu wa umri mwingine.

Mforosadi si mti mpole kama unavyodhaniwa na watoto wanaopanda kuchuma matunda yake. Ukikata jani hutoka utomvu mweupe, na utomvu huo una sumu kwa viwavi wengi. Miongoni mwa silaha zilizomo ni kitu kiitwacho deoksinojirimaisini, ambacho kwa kifupi huandikwa DNJ, na ambacho Wajapani walikitenga kutoka kwenye mizizi ya mforosadi mwaka 1976. Umbo lake linafanana sana na umbo la glukosi. Vimeng'enya vinavyokata sukari na wanga tumboni hudanganyika na kukikumbatia kana kwamba ndicho kilichotarajiwa, kisha vinakwama, kama kufuli iliyoingizwa ufunguo unaokaribia kuwa wenyewe. Kiwavi mgeni akila jani hilo, sukari iliyomo haimfai kitu, na hadumu. Kiwavi wa hariri yeye ana kimeng'enya cha ziada ambacho DNJ haikigusi. Kwa hiyo hula jani, hupata sukari yake, na ile silaha ya mti huihifadhi mwilini mwake kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya kile cha jani lenyewe. Nilifundisha habari za mimea na wadudu kwa miaka mingi na sikuwahi kuwasimulia wanafunzi wangu mkasa huu. Ninajuta kidogo.

Utumbo wetu mwembamba una vimeng'enya vya jamii ile ile. Mtu akila chapati, wanga wake hukatwakatwa mpaka kuwa glukosi, na glukosi huingia kwenye damu. Kukiwa na DNJ, ukataji huo hupungua kasi, na sukari ya damu baada ya mlo hupanda polepole badala ya kuruka. Haya si maneno ya waganga wa mitishamba pekee. Kuna vidonge vya hospitali vinavyofanya kazi kwa njia hii hii, kama akabosi, na kimojawapo, miglitoli, ambacho kiliidhinishwa Marekani mwaka 1996, kilitengenezwa kwa kuibadilisha DNJ yenyewe. Wakorea nao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiuza unga wa viwavi wa hariri kwa watu wanaohangaika na sukari, na msingi wa biashara hiyo, kama unavyoona, si hewa.

Sharti ni umri. Viwavi wanaofaa kwa unga huo ni wale ambao bado wako kwenye majani, katika hatua ya tano na ya mwisho ya ukuaji wao, siku chache tu baada ya kujivua ngozi mara ya nne. Huo ndio wakati ambao DNJ iko juu mwilini mwao. Kadiri wanavyokaribia kufuma, kiasi hicho hushuka, na pupa, ambaye amekwisha kuacha kula na amejifungia, amebakiwa na kidogo sana. Tena viwavi hao wa unga hukaushwa kwa kugandishwa, si kwa kuchemshwa na kutiwa kwenye mchuzi wa chumvi na sukari. Makopo ya mpwa wangu, kwa hiyo, yalikuwa na chakula halisi cha Wakorea maskini na matajiri, lakini hayakuwa na ile kazi aliyoyanunulia. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo, mjomba, nimeleta kitoweo." Nikamwambia amesema kweli, na kwamba kitoweo si kitu cha kudharau.

Ipo bidhaa ya tatu, na ninaitaja kwa sababu ndiyo inayopewa sifa nyingi zaidi siku hizi. Huko Korea hawangoji kiwavi afume: humchukua akiwa amekomaa, tumbo lake limejaa hariri ambayo bado ni majimaji, humpitisha kwenye mvuke, humkausha kwa kumgandisha, na kumsaga. Bila mvuke kiwavi huyo ni mgumu mno kusagwa kwa sababu ya hariri yenyewe. Unga wake, uitwao hongjam, ni hariri inayolika, na umejaribiwa juu ya ini lililoathiriwa na pombe, juu ya kumbukumbu, na hata juu ya urefu wa maisha. Mtu akisoma vichwa vya habari atadhani dunia imepata tiba. Akisoma ndani atakuta panya na inzi wadogo wa matunda. Simdharau panya, dawa nyingi tunazomeza zilipita kwake. Ila kati ya panya aliyepona na dada yangu pana safari ndefu, na wengi wa waliopona wakiwa panya hawakuimaliza. Hata kwa sukari, ambako njia ya utendaji inajulikana vizuri, majaribio yaliyofanywa kwa watu waliokula unga wa kiwavi ni machache, ya watu wachache, na ya muda mfupi.

Wajapani ndio walioanza, katika miaka ya 1980, kuzungumzia chakula chenye kazi mwilini zaidi ya kushibisha na kulisha, na mwaka 1991 wakakiwekea utaratibu wa kisheria ili muuzaji asiandike faida za afya kwenye pakiti bila ya kuonyesha ushahidi. Korea Kusini ilitunga sheria yake mwaka 2002. Ninaona busara kubwa katika neno hilo "kazi", kwa sababu kitu chenye kazi kina pia wakati wa kufanya kazi hiyo vibaya. Dada yangu hutumia metformini na glibenklamidi. Hii ya pili huweza kuishusha sukari kupita kiasi, na sisi sote nyumbani tunajua la kufanya akianza kutetemeka na kutokwa na jasho: chai yenye vijiko vinne vya sukari. Lakini sukari ya mezani nayo lazima ikatwe na vile vimeng'enya ndipo iwe glukosi. Mtu aliyemeza akabosi, au unga wa kiwavi ulioshiba DNJ, vimeng'enya vyake vimefungwa, na ile chai itachelewa kumfaa. Anachohitaji ni glukosi yenyewe, ile ya unga inayouzwa dukani, ambayo haihitaji kukatwa. Jambo hili dogo lilinitisha kuliko yote niliyoyasoma. Tangu siku hiyo kuna pakiti ya glukosi kwenye kabati la vyombo, ingawa hakuna aliyekula unga wowote, na mfamasia tunayemwendea ameambiwa habari za makopo ili asije akashangazwa siku moja na pakiti nyingine.

Nirudi kwenye mdomo wangu uliowasha. Kamba, kaa na wadudu ni ukoo mmoja kwa mbali. Wote wana miguu yenye viungo na miili iliyovikwa ganda la kaitini. Katika misuli yao mna protini zinazofanana mno, na kinga ya mwili iliyokwisha kuzichukia kwa kamba huzitambua kwa kiwavi bila kuuliza jina. China, ambako pupa huliwa na watu wengi, madaktari wameandika juu ya wagonjwa waliopata mzio mkali kwa kumla, wengine mara ya kwanza kabisa walipoonja. Kuchemsha hakuondoi hatari hiyo. Katika mji wa pwani kama huu, ambako kila familia ina mtu mmoja anayekataa kamba na kuambiwa anaringa, onyo hili lingepaswa kuandikwa juu ya kopo kwa herufi kubwa, na kwa lugha inayosomeka.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia. Pupa akikaa vibaya kabla ya kupikwa, bakteria huzalisha histamini ndani yake, ile ile inayomfanya mtu awe mwekundu na kuumwa kichwa baada ya kula jodari aliyelazwa juani, na kukaanga hakuiondoi. Thailand watu wameugua kwa njia hiyo baada ya kula wadudu wa kukaanga, pupa wa hariri wakiwamo. La pili linatuhusu sisi Waafrika zaidi. Si kila kiwavi afumaye hariri ni huyu wa mforosadi. Kusini-magharibi mwa Nijeria, katika eneo la Ikare, kwa miaka mingi palikuwa na ugonjwa wa msimu wa mvua uliowafanya watu watetemeke na kuyumba wakitembea. Ilikuja kujulikana kwamba walikuwa wakila pupa wa nondo wa mwitu, Anaphe venata, ambao wana kimeng'enya kinachoharibu thiamini, yaani vitamini B1, na kimeng'enya hicho huvumilia moto wa jikoni. Wagonjwa walikuwa watu ambao mlo wao ulikuwa wanga mtupu, thiamini yao ilikuwa chache tangu mwanzo, na pupa akaja kuichukua hata ile kidogo. Nondo wa jamii ya Anaphe wapo pia Afrika Mashariki, na hariri yao imeshughulikiwa na watafiti, wakiwamo wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Kwa hiyo kijana atakayesoma habari za Korea kisha akaenda msituni Usambara kukusanya vifukofuko kwa ajili ya kikaango, namwomba aiache kazi hiyo.

Suala la halali lilikuwa na mjadala wake, na lilichukua muda mrefu kuliko lile la sayansi, kwa sababu barazani kwetu kila mtu ni mwanachuoni baada ya kikombe cha pili cha kahawa. Hariri yenyewe tunaijua: ni halali kwa wanawake, ni haramu kwa wanaume kuivaa. Kwa chakula, hadithi inayotajwa siku zote ni ile ya maiti wawili waliohalalishwa, samaki na nzige, na wanavyuoni wa Kishafii, ambao ndio tunaowafuata pwani hii, hawamwongezi mdudu mwingine kwenye orodha hiyo isipokuwa kwa mambo madogo madogo, kama funza aliyezaliwa ndani ya tunda na kuliwa pamoja nalo. Wamaliki wana nafasi pana zaidi kwa mdudu aliyeuawa kwa kusudi la kuliwa. Mzee mmoja aliuliza kwa nini basi Wahaya Waislamu wanakula senene. Akajibiwa kwamba senene ni ndugu wa nzige, na palitokea ubishi juu ya mipaka ya undugu huo ambao ningependa kuwasimulia siku nyingine. Dada yangu alisikiliza yote kutoka dirishani, kisha akatoa uamuzi wake bila kumngoja mtu: hatakula.

Sikumshawishi abadilishe, na kwa kweli sikuwa na hoja ya afya ya kumshawishi nayo. Dada ana daftari la mistari ambalo kwa miaka hii yote ameandika alichokula na kipimo cha sukari saa mbili baadaye. Ukilifungua utaona jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: chapati tatu na chai ya maziwa zinampandisha sana, chapati moja na samaki na mchicha hazimpandishi hivyo, na bada, yaani ugali wa muhogo, humpandisha zaidi ya anavyopenda kukiri. Kitoweo chenye protini na mafuta, kikichukua nafasi ya chapati ya pili na ya tatu, hufanya kazi kwenye sahani hata kama hakina DNJ hata chembe. Kama angekuwa Mkorea, ningemwambia pupa wanaweza kuwa kitoweo hicho, waoshwe chumvi kwanza. Kwa kuwa ni mtu wa Chumbageni, tayari ana samaki wake, maharage yake na mayai ya kuku wake.

Kuku ndio waliomaliza yale makopo. Huko Asia unga wa pupa hulishwa kuku na samaki wa kufugwa kwa wingi kuliko unavyoliwa na watu, na inajulikana kwamba kuku akilishwa mafuta yenye asidi ya alfa-linoleniki, sehemu yake huonekana kwenye kiini cha yai. Makopo matatu hayabadilishi kiini cha yai lolote, nilimweleza dada hivyo, lakini alikuwa amekwisha kuwaosha pupa kwa maji mara tatu na kuwatawanya uani. Hakuna kuku aliyeuliza madhehebu. Mpwa wangu, ambaye sasa yuko baharini, ameniletea picha ya pakiti ya unga aliyoiona dukani na kuuliza kama aichukue. Nimemwomba atafute mtu wa kumsomea umri wa kiwavi, namna alivyokaushwa, na miligramu za DNJ kwa kila kijiko, na mpaka leo hajajibu. Asubuhi iliyofuata ile karamu ya kuku, dada alichemsha mayai mawili, akala na kipande kimoja cha muhogo badala ya vitatu, akangoja saa mbili zake, akajichoma kidole, akaandika namba kwenye daftari.